Mchango wa Mtu Mzima

Vitongoji, Ijumaa, 30 Agosti

"Mtu mzima anayekula bila kutoa, awe nani awe nani, ni mzigo kwa wenzake."

Hayo ni maneno ya mdogo wangu Hafidh, aliyoyasema leo baada ya sala ya Ijumaa kwenye kikao cha familia alichokiitisha mwenyewe. Nayanukuu neno kwa neno kwa sababu nakusudia kuyavunja neno kwa neno.

"Mtu mzima." Nina miaka arobaini na minane, hapo hakukosea. "Anayekula." Nakula, ndiyo, muhogo na dagaa, kama wenzangu wote wa nyumba hii. "Bila kutoa." Uongo umekaa hapo. Tangu Baba apatwe na kiharusi, miaka miwili sasa, ni nani anayemnyanyua alfajiri kumpeleka chooni? Ni nani anayemwogesha, akambadilisha kikoi, akamnyoa, akaukanda kwa mafuta ya nazi ule mkono wa kulia usiomsikia tena? Shamima, mke wa Hafidh, ni mkwe wake, hawezi. Bi Time ni dada yake, naye hawezi kuutazama utupu wa kaka yake. Ni kazi ya mtoto wa kiume. Watoto wa kiume wa Mzee Shaame ni wawili. Mmoja yuko ofisini Chake Chake, shati limepigwa pasi. Mwengine ni mimi.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi kuliko matusi:

"Kaka Nyange, mimi simsemi mtu, nasema utaratibu. Mchele nanunua mimi. Umeme mimi. Gesi mimi. Kumwogesha mzee ni thawabu, hiyo Mungu atakulipa. Dukani hawapokei thawabu."

Shamima akacheka, mkono mdomoni. Bi Time akautazama mkeka.

"Basi nitoe kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kiasi cha mtu mzima."

"Mtu mzima asiye na kazi hutoa kiasi gani?"

"Aitafute kazi kwanza, ndiyo tuzungumze kiasi. Gazeti lenu lilifungwa kaka, si dunia. Weye umejificha nyuma ya kitanda cha mzee."

Nimehariri gazeti Unguja miaka kumi na minne. Nimejibizana na mawaziri na mashehe, na wala sikuwahi kukosa jibu. Leo nililikosa. Nilitazama pembeni nikauona mlango wa chumba cha Baba uko wazi nusu, nikainuka kwenda kumgeuza ubavu.

Jumapili, 1 Septemba

Siku mbili natunga majibu na kuyatupa. Yote mazuri, yote yamechelewa.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepata jibu na halina hata neno moja ndani yake. Nitamtii.

Mwaka huu mikarafuu imebeba hadi matawi yameinama. Watu wanahamia dago, kwenye makambi ya wachumaji, na wenye mashamba wanatafuta mikono kila pembe. Nitakwenda dago Mtambile. Nitachuma, nitalipwa, na kila senti ya mchango nitaileta kama alivyoagiza. Hafidh anataka kaka anayechangia? Atampata. Kisha alfajiri ikifika atakunja suruali yake ya ofisi aende kutafuta thawabu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeondoka. Hafidh alinikuta uwanjani na begi.

"Na mzee?"

"Mzee ana watoto wawili."

"Kaka, mimi n'na kazi!"

"Na mimi sasa n'nayo."

Uso wake nimekuja nao hadi huku. Nikijisikia vibaya nautazama tena.

Kumuaga Baba hakukuchukua muda. Maneno yake tangu kiharusi hutoka moja moja. "Hwenda wapi?" Nikamwambia nakwenda dago kutafuta mchango wa nyumbani. "Vyema," akasema. Nimeichukua kuwa ni radhi yake.

Mtambile, Alhamisi, 5 Septemba

Mikono imevimba. Kitabu nilichokuja nacho sijakifungua.

Ijumaa, 6 Septemba

Jirani yangu kambini ni Jabir, kijana wa Makoongwe, mvuvi anayeiacha bahari kila msimu wa karafuu. Hupanda mti kama anayeitwa huko juu. Mimi nabaki kwenye ngazi, navuta tawi kwa kamba taratibu, kwa sababu tawi la mkarafuu halivumilii ubabe, hukatika na mtu wake.

"Mwalimu!" ananiita, ingawa nimemweleza mara tatu kwamba mimi si mwalimu. "Karafuu haichumwi kwa makala yakhe! Huo mti wakungoja umalize kuusoma?"

Wote chini wakacheka. Jioni tukakaa kwenye majamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, nami nikawaeleza kisa cha Hafidh. Nilikieleza vizuri, pale pa thawabu na duka nikakaza sauti. Kambi nzima ikawa upande wangu. Mmoja tu, mama mmoja anayetupikia, aliuliza: "Na sasa mzee aogeshwa na nani?"

"Na mwenye mshahara," nikasema. Wakapiga makofi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimelipwa. Fungu langu lote nimelituma kwa simu kwa Hafidh, sikubakisha ila la sabuni. Nikaambatanisha ujumbe: "Huu ni mchango wa mtu mzima. Thawabu nimekuachia wewe."

Nimeandika tahariri mamia. Hakuna hata moja iliyonipa raha ya mistari hii miwili.

Jumanne, 10 Septemba

Bi Time kapiga simu. Shangazi yangu huyu hazungumzi, hutangaza.

"Hafidh kausoma ujumbe wako kwa sauti, uwanjani! Alidhani watu watakucheka weye, wakamcheka yeye. Basi akaingia kwa mzee, kahamaki. Baba, akamwambia, umesikia? Hata Nyange sasa atoa."

"Na kuogesha je, shangazi?"

"Aogesha. Juzi kachelewa kazini, leo kachelewa tena. Kiuno chamuuma, hutembea kama mja mzito."

Nilicheka hadi Jabir akateremka mtini kuja kuuliza kuna nini.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua ya ghafla. Tukakimbia kukunja majamvi. Karafuu ikilowa na kulundikwa hupauka ikawa mpeta, na mpeta hauna bei.

Bi Time kapiga tena, leo kwa furaha. Baba kaanza kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Hajafunga tangu augue. Shamima keshawaambia majirani wote, na imamu kampelekea salamu. Nimesema alhamdulillahi. Mzee kapata nguvu.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Hakuna kuchuma. Nimetuma fungu jengine, safari hii bila ujumbe, makusudi. Ukimya nao una makali yake.

Alhamisi, 19 Septemba

Baba kafunga siku nyeupe zote, kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano ya mwezi. "Kaka kawa walii," anasema Bi Time. Nikauliza anakula nini magharibi. "Hufungua kwa tende moja. Asema imemtosha."

Jumapili, 22 Septemba

Nachuma vizuri sasa. Hafidh kaniandikia: "Kaka, rudi. Tutazungumza." Sikumjibu. Nataka aniandikie kwamba alikosea. Neno "tutazungumza" nimelitumia mwenyewe miaka kumi na minne kwa waandishi niliokuwa sitaki kuwalipa. Nalijua lina maana gani.

Jumanne, 24 Septemba

Kaandika tena: "Mimi siwezi peke yangu." Nikaionesha kambi nzima.

Vitongoji, Ijumaa, 27 Septemba

Asubuhi nilimpigia Shamima mwenyewe, kuuliza simu ya Hafidh mbona haipatikani. Nilitaraji kusikia kashindwa, niondoke na hilo la kutafuna mchana kutwa.

"Yuko kwa mzee anamwogesha. Mzee kafunga leo."

"Leo Ijumaa? Na jana alifunga?"

"Jana hapana, alikuwa na joto kidogo. Hafidh alimlazimisha vijiko viwili vya uji, apate kumeza dawa. Leo ndo kafunga."

"Na kesho atafunga?"

"Kesho kasema hapana. Kwani vipi, shemegi?"

Nilikuwa nimeshaanza kuteremka ngazi.

Kuifunga Ijumaa peke yake, pasi na siku kabla wala baada, ni makuruhu, jambo lisilopendeza katika dini, na katika Pemba nzima sijui mtu aliyelishikilia jambo hilo kama Mzee Shaame. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili niliifunga Ijumaa moja ili wenzangu wanione. Alikuja na kikombe cha chai na andazi, akanikalisha mlangoni, akasema kunywa, na akasimama juu yangu hadi nikamaliza. Mtu yule hafungi Ijumaa peke yake. Kwa hiyo hakuwa anafunga. Alikuwa hali.

Na sisi tulikuwa tunamshangilia. Nyumba nzima na majirani na imamu, na mimi mwenye kusoma kuliko wote, tulimwona mgonjwa anakiacha chakula tukasema mashaallah.

Jabir alinipakia kwenye pikipiki ya mjomba wake bila kuuliza kitu. Mvua ilitupata Chake Chake, na hatukusimama.

Nilipoingia, Hafidh alikuwa bado chumbani. Hakwenda kazini. Kavaa kikoi, kifua wazi, anamfuta Baba mgongo kwa kitambaa, na chini ya kiwiko cha Baba kaweka mto mdogo ambao mimi sikuwahi kufikiria kuuweka. Alinitazama, akanipisha. Nikaja nikamgeuza Baba nikamkagua mwili mzima. Nilikuwa natafuta kidonda. Mgonjwa asiyegeuzwa vizuri hutoka vidonda, na Hafidh asiyejua kitu lazima awe kamtoa kimoja. Sikukipata. Ngozi safi, makunjo makavu, kucha zimekatwa. Nitaiandika kweli hata kama inaniuma: nilikasirika kwa kukikosa.

Lakini mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Baba," nikamwambia, "leo Ijumaa."

Akafumba macho.

"Baba, Ijumaa haifungwi peke yake. Wewe ndiye uliyenifunza. Umefunga kweli?"

Akajibu, moja moja: "Sikufunga."

"Sasa mbona huli?"

Nayaandika kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha.

"Nyumba hii... watu wote watoa. Hafidh atoa. Shamima ashona, atoa. Weye... ulikuwa hutoi. Tulikuwa wawili. Sasa nawe watoa." Akapumua. "Nimebaki miye. Nikaona nipunguze."

Kitambaa kilimponyoka Hafidh.

"Baba! Mimi sikukusudia wewe! Lini nimekutaja wewe?"

"Ulisema awe nani awe nani. Mlango ulikuwa wazi."

Nikaingia na hoja. Ndiyo silaha niliyo nayo. Nilimwambia nyumba hii kaijenga yeye. Nilimwambia Hafidh kasomeshwa kwa pweza na samaki aliowavua yeye, na mimi pia, na kwamba mtu aliyelisha watu miaka arobaini hahesabiwi sahani ya uji. Nilizungumza vizuri. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni.

"Nyumba hailiwi," akasema. "Samaki wale washaliwa."

Na hakula.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo kasema kafunga. Kesho kutwa ni Jumatatu. Atapata visingizio hadi atakapokwisha.

Tumegombana mimi na Hafidh jikoni, sauti chini. Yeye: "Ujumbe wako ndio unaomuua. Thawabu nimekuachia wewe! Ulikuwa unanipiga mimi, ukampiga mzee." Mimi: "Mimi nilileta ulichokiagiza. Kanuni yako." Yeye: "Kanuni si mbaya, kaka! Mchele haujinunui!" Mimi: "Basi mwambie Baba anunue mchele." Alininyanyulia mkono, mdogo wangu huyu, kisha akaushusha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawa analia.

Nilisimama pale namtazama. Mwezi mzima nimeota kumwona hivi. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Ila ilikuwa fupi.

Jumapili, 29 Septemba

Usingizi sikuupata, lakini jibu nimelipata, na safari hii linaniumiza mwenyewe.

Hoja haimtoi Baba pale alipo. Haoni kuwa kadhulumiwa. Anaona kuwa kabaki peke yake. Tulikuwa wawili, alisema. Basi na tuwe wawili tena.

Nikamwita Hafidh nje, penye majamvi ya jirani.

"Fungu langu la mwisho la karafuu hili hapa. Nunua mchele. Na msimu ukija nitakupa jengine, na nikipata kibarua nitakupa. Sharti moja tu: Baba asijue. Mbele yake, mimi sitoi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie Nyange hatoi. Mwambie mvivu, kafukuzwa dago. Nitukane."

"Kaka, siwezi."

"Uliweza mbele ya shangazi na mkeo. Utaweza."

Mchana sahani moja ilikuja chumbani, wali na samaki wa kuchoma. Nikakaa kitandani na Baba, sahani katikati. Hafidh akasimama mlangoni. Alianza vibaya, anatafuta maneno, nikamkodolea macho. Kisha yakamjia. Yakamjia vizuri mno.

"Umerudi! Ulikwenda kutuonesha ubwana, hukumaliza hata mwezi! Jitu zima, miaka hamsini kasoro, linakuja kukalia sahani ya watu! Vitabu vyako hivyo vikaange ule! Senti hutoi, haya huna!"

Kila neno lilikuwa limekaa moyoni mwake muda mrefu, nililijua hilo kama ninavyoujua mwandiko wake. Nilikuwa na majibu manane, yote makali. Niliyameza moja baada ya jengine.

Mkono wa kushoto wa Baba, ule unaosikia, ukaja taratibu juu ya shuka, ukaisogeza sahani upande wangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mwache aseme."

Nikatia tonge mdomoni. Nikamkatia na yeye, nikamnyooshea. Alilitazama, akamtazama Hafidh mlangoni, na kwenye ule upande wa uso wake uliosalia akacheka. Akafungua mdomo.

Tonge saba. Na samaki, nikimtolea miba.

Ijumaa, 4 Oktoba

Anakula. Kila mchana Hafidh akirudi hunitukana kwanza, kisha Baba hula. Bi Time kadhani kweli, kanipiga mgongoni kwa upawa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Vuli imeanza. Tunaogesha kwa zamu: asubuhi Hafidh, jioni mimi. Ule mto wa kiwiko nimeuacha pale pale.

Ijumaa, 18 Oktoba

Msimu unakwisha. Nimemuuliza Hafidh leo: unayafuta maneno yako? Akanijibu, "Kwa mzee nilikosea, nimemwomba radhi peke yetu. Lakini kanuni, kaka, ni sawa. Wewe mwenyewe sasa unatoa."

Sijamsamehe. Niandike hilo liwe wazi, kwa sababu wapo watakaosoma wakadhani tumepatana. Ninatoa, ndiyo. Natoa ninapopata, na ninapokosa sitoi, na mikono yangu haijapumzika siku hata moja katika miaka miwili. Mtu mzima asiye na kazi atoe hivyo: alichonacho siku anacho, na nguvu zake kila siku. Zaidi ya hapo si mchango, ni faini ya kukosa kazi. Lakini si kiasi ninachomdai Hafidh sasa. Namdai kile kikao. Sentensi ileile iliyopita mlangoni ikamfikia mtu asiyeweza kuinuka kuikimbia.

Kwa hiyo naandika kwa nyinyi, ndugu wenye mishahara wa Chake, Wete na Mkoani, mnaorudi nyumbani Ijumaa mkaitisha vikao vya nani kala na nani katoa. Iitisheni tena familia. Safari hii mtoeni mzee wenu chumbani, mumkalishe mbele yenu, mumfunike miguu kwa baridi, kisha mrudie mliyoyasema, kwa sauti ileile, mkimtazama usoni. Mkiweza kuyamaliza, nitumieni na mimi bili yangu, nitailipa. Mkishindwa, nyamazeni, mnawe mikono, mumpakulie yeye kwanza.